Gitaa kavu lisichomekwe, liwekewe maiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kitu ambacho kinanikera muda mrefu sasa, nacho ni namna gitaa kavu, lile la mbao lisilotegemea umeme, linavyorekodiwa kwenye studio zetu za mtaani. Kurasa zenu za burudani zinaandika sana kuhusu wasanii, nani kaachana na nani, nani kasainiwa wapi, lakini sauti yenyewe inapatikanaje hamna anayeandika, na mi naona huko ndo kunakoharibika. Kijana anakuja studio na gitaa zuri tu, nyuzi mpya, vidole vimekomaa, prodyuza anamwambia chomeka hapa, jeki inaingia kwenye saundi kadi, kile kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, kazi inaisha haraka haraka, afu ukija kuisikia redioni gitaa linalia kama limefungiwa ndani ya ndoo ya plastiki. Watu wanasema aah, gitaa lenyewe baya, au mpigaji hajui. Hapana jamani, mpigaji anajua na gitaa ni zima, tatizo ni ile jeki.

Magitaa mengi yanayouzwa saivi yana kile kijiti cha piezo kimefichwa kwenye daraja, chini ya kile kipande cheupe ambacho nyuzi zinakalia. Kazi yake ni kuhisi mgandamizo wa nyuzi pale pale zinapokalia, basi. Hewa inayotoka kwenye tundu haiisikii, ubao wa mbele unavyotikisika wote haiusikii, mbavu na mgongo wa gitaa haivisikii, na wakati masikio ya mtu aliyekaa mbele ya gitaa yanapokea hivo vyote kwa pamoja. Jukwaani sikatai, jukwaani kuna ngoma na besi na spika za monita, piezo inasaidia kwa sababu haipigi mluzi kirahisi. Lakini studio uko peke yako na mpigaji mmoja mlango umefungwa, unachomeka jeki ya nini?

Ninachowaomba mafundi wenzangu ni hiki: wekeni maiki mbele ya gitaa, na kama inawezekana wekeni mbili, moja dainamiki moja kondensa. Nasema hizo mbili kwa sababu tayari mnazo. Studio ndogo ya kawaida, iwe Tanga, Mwanza au Mbeya, ina kondensa moja ya kurekodia waimbaji na ina dainamiki moja au mbili za jukwaani zimelala kwenye droo. Sio lazima ziwe kondensa mbili pacha kama wanavyofanya wenye hela, na tena kwa muziki wetu mi naona hii ya kuchanganya aina mbili inafaa zaidi, ntaeleza kwa nini.

Dainamiki ndani yake ina ngozi nyembamba, nyuma ya ngozi kuna koili ya waya imegundishwa, na koili inacheza ndani ya sumaku. Sauti ikipiga ngozi, koili inacheza, umeme mdogo unazaliwa. Sasa ile koili ina uzito, kwa hiyo haiwahi kufuata vile vitu vya haraka sana, ile "tsk" ya ukucha kwenye uzi, ile kelele ya kidole kikiteleza kutoka freti moja (vile vichuma vya shingoni) kwenda nyingine. SM57 ya Shure ambayo ipo sokoni tangu 1965 inachukua kuanzia kama hezi 40 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, kilohezi ni hezi elfu) mpaka kilohezi 15, na pale kwenye kilohezi 5 au 6 inanyanyuka kidogo. Kondensa haina koili, ina ngozi nyepesi sana yenye rangi ya dhahabu mara nyingi, imekaa karibu na bamba la chuma, umbali kati yao ukibadilika umeme unabadilika. Ngozi haibebi mzigo wowote ndo maana inafuata kila kitu, inafika kilohezi 20, unasikia hadi mpigaji anapumua. Kwa hiyo kondensa inakupa hewa na ung'avu na ile hali ya mtu kukaa mbele yako, dainamiki inakupa mido, yaani sauti za kati, kifua cha noti, na inapunguza ukali wa kucha. Gitaa letu la kupigwa kwa kidole gumba na cha shahada linabeba besi na melodi kwa wakati mmoja, gumba linataka uzito na cha shahada kinataka kung'aa, na hapo ndo kila maiki inapata kazi yake.

Na hii ya kuweka maiki mbele ya gitaa sio mambo mapya ya wazungu wa Youtube. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, saivi inaitwa Likasi, Katanga, Kongo, akamrekodi kwa mono, yaani njia moja tu ya sauti. Hakukuwa na piezo, hakukuwa na jeki, gitaa lilipitia hewani likaingia kwenye maiki, na mpaka leo vijana wanaojifunza kupiga gumba wanasikiliza rekodi hizo wanaweza kuzifuata noti moja moja. Rekodi ya zaidi ya miaka 70 noti zinahesabika, ya mwaka huu hazihesabiki! Hilo linaniuma kwa kweli.

Sasa kuna watu wameshajaribu maiki mbili wakaacha, wanakwambia ukizisikiliza moja moja ziko vizuri, ukizifungua pamoja gitaa linakuwa jembamba, linapoteza mwili. Ni kweli inatokea, na sababu yake ni fezi, yaani mawimbi ya sauti ya maiki mbili kutokwenda pamoja, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye kazi yote.

Sauti inasafiri. Kwenye joto la nyuzi 30 kama huku kwetu pwani inakwenda mita kama 349 kwa sekunde, maana yake kila sentimita 35 ni milisekunde moja. Ukiweka kondensa karibu na gitaa na dainamiki ikawa nyuma yake kwa sentimita 35, sauti ile ile inafika kwenye dainamiki imechelewa milisekunde moja. Ni kidogo, sikio lako halitasikia kama kuchelewa, lakini ukizijumlisha kuna sauti ambazo moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana. Kwa huo umbali ya kwanza kufa ni ile ya hezi 500, inafuata 1500, inafuata 2500, hivo hivo kwenda juu. Na hezi 500 ni kama noti ya B kwenye uzi wa kwanza freti ya 7, sehemu ambayo melodi zetu zinapita kila saa. Umbali ukiwa nusu yake, sentimita 17 na nusu, kifo kinaanzia hezi 1000. Kwa hiyo sio kwamba maiki yako mbovu au kondensa na dainamiki haziivi chungu kimoja, umezipanga tu vibaya.

Watu wakisikia hivo wanakimbilia kile kitufe cha kugeuza polariti. Kibonyezeni mkisikie, kipo kwa ajili hiyo, wakati mwingine kinasaidia kweli, lakini muelewe kinachofanya: kinageuza juu kuwa chini na chini kuwa juu, hakirudishi muda. Zile sauti zilizokuwa zinakufa zitafufuka na zile zilizokuwa nzima zitakufa. Mnachagua hasara ndogo kati ya mbili. Dawa yenyewe ni kuzifanya sauti zifike pamoja, na njia rahisi kuliko zote ni kuziweka maiki mbili sehemu moja, yaani vichwa vyake vimegusana karibu, kimoja juu kimoja chini, zote zimeelekea pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, sentimita 25 au 30 kutoka kwenye nyuzi. Mi mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aanzie hapo. Ila angalieni, kinachotakiwa kulingana ni ngozi za ndani, sio majumba ya nje. Kwenye SM57 ngozi iko mbele kabisa nyuma ya kile kifuniko, kwenye kondensa nyingi kubwa zile za kuimbia kwa pembeni ngozi iko katikati ya wavu, kwa hiyo ukilinganisha nyuso za nje tayari umeshapoteza sentimita kadhaa. Chukua rula, pima.

Mkishaweza hiyo ndo mjaribu ile nyingine ambayo wengi wanaijua, kondensa kwenye freti ya 12 na dainamiki huku nyuma ya daraja ikiangalia ubao. Inatoa gitaa pana, nzuri kama gitaa liko peke yake au na sauti moja tu. Tatizo lake ni kwamba gitaa sio kitu cha nukta moja, linatoa sauti kwenye nyuzi, kwenye tundu, kwenye ubao mzima, kwa hiyo hata ukisogeza traki kwenye kompyuta ili milio ilingane, utalinganisha nyuzi ubao utakataa, utalinganisha ubao nyuzi zitakataa. Unasogeza mpaka sikio liridhike, basi. Kwa hesabu tu, milisekunde moja ni sampuli (vile vipande vidogo ambavyo kompyuta inakatia sauti) 44 kama unarekodi kwa kilohezi 44.1, na 48 kama ni kwa kilohezi 48, usije ukasogeza kwa macho ukadhani sampuli mia mbili ni kidogo.

Na tafadhali sana, sikilizeni kwa mono kabla hamjamwambia msanii kazi imeisha. Mkiipeleka kondensa kushoto na dainamiki kulia kwenye hedfoni itakuwa tamu sana, kila mtu atasema duh, afu wimbo unaenda kupigwa kwenye simu yenye spika moja, kwenye redio ya kibandani, kwenye spika ya baa, pande zote mbili zinajumlishwa na gitaa linayeyuka. Wasikilizaji wetu wengi wako huko kwenye mono. Hedfoni ni za wachache.

Usiielekeze maiki yoyote kwenye tundu la gitaa, hili nalisema kwa kifupi. Tundu lina mlio wake wa hewa, magitaa mengi uko karibu na hezi 100, ndo maana ukipiga G ya uzi wa sita freti ya 3, ambayo ni hezi 98, chumba kinanguruma kuliko noti nyingine zote. Maiki ikiwa mbele ya tundu na ikawa karibu, besi inaongezeka tena kwa sababu ya ukaribu wenyewe, maiki zote za kuelekea upande mmoja ziko hivo. Utashinda unakata na ikwalaiza na hutamaliza.

Nije kwenye hofu moja inayozunguka mitaani, kwamba ukiwasha ule umeme wa volti 48 na dainamiki imechomekwa, dainamiki inaungua. Saundi kadi nyingi za bei ya kawaida zina kitufe kimoja cha 48 kinachowasha njia zote mbili, kwa hiyo watu wanaogopa kabisa kuchanganya maiki hizi na ndo maana wanaishia kwenye jeki. Jamani haiungui. Ule umeme unapita kwenye waya mbili za maiki kwa volti sawa sawa, na koili ya dainamiki imeunganishwa kati ya waya hizo mbili, pande zote mbili zikiwa na volti sawa hakuna kinachopita kwenye koili. Mfumo ulibuniwa hivo makusudi. Neumann wa Ujerumani mwaka 1966 walitengeneza maiki za transista za kutumia umeme huo kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, NRK, na volti zikawa 48 kwa sababu studio za kule tayari zilikuwa na umeme wa 48 wa taa za dharura, ndo namba hiyo ikaenea dunia nzima. Cha kuogopa ni waya mbovu, waya uliochomelewa vibaya ukawa na pini moja imekatika au imegusana, hapo volti hazilingani tena. Na maiki za zamani za riboni, zile zenye utepe mwembamba badala ya ngozi, hizo ziwekeni mbali. Kwa hiyo kagua waya, tumia waya wa maiki wa pini tatu, XLR kwa XLR, chomeka kwanza washa 48 baadaye, na spika ziwe zimezimwa ule mlio usipasue kitu.

Kuna mtu atauliza kuhusu maiki za USB maana vijana wengi wanaanzia huko. USB moja sawa, USB mbili kwenye kompyuta moja ni balaa, kila moja ina saa yake ya ndani na hizo saa hazitembei pamoja, wimbo unavyozidi kwenda ndo zinavyozidi kuachana, na tumeshaona milisekunde moja inafanya nini. Bora uuze hizo mbili ununue saundi kadi ndogo ya njia mbili. Na ukienda kununua SM57 uwe makini feki zimejaa, shika mkononi kwanza, ya kweli ina uzito wa gramu 284.

Halafu kelele. Studio zetu ziko katikati ya watu, bodaboda inapita, jirani ana jenereta, feni inazunguka, kuku, adhana, mtoto analia. Wengi wanaamini kwamba dainamiki "haisikii" kelele za nje na kondensa inasikia kila kitu, na huo ni ukweli nusu. Dainamiki ina nguvu ndogo ya kutoa, tofauti yake na kondensa ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 au hata zaidi, ukiiongezea geini, yaani nguvu kwenye saundi kadi, mpaka gitaa lilingane na kelele zinapanda nayo vile vile. Kinachofanya dainamiki ionekane kimya ni kwamba watu huwa wanaiweka karibu na mdomo. Kwa hiyo kinachopunguza kelele ni umbali na mwelekeo. Maiki nyingi za aina zote mbili haziisikii vizuri sehemu ya nyuma yake, basi zigeuzie migongo kule kelele inakotoka, kama dirisha liko kaskazini mpigaji akae akiangalia kusini... hapana, kinyume chake, mpigaji aangalie dirishani, ndo maiki inayomwangalia yeye itakuwa imelipa dirisha mgongo. Zima feni wakati wa kupiga. Mvua ikianza kunyesha kwenye bati pumzikeni tu, hamna maiki ya kushinda bati.

Hapa ndo pana mtihani wa kweli wa hizi maiki mbili na sitaki kuuficha. Ile dainamiki ukiiweka sentimita 30 kutoka kwenye gitaa linalopigwa taratibu kwa vidole, inataka geini ya desibeli 55, 60, na saundi kadi nyingi za bei ya chini zinaishia hapo hapo, ukifika mwisho unasikia "shhhh". Ukiisogeza karibu ili upunguze geini, muda unatofautiana na kondensa. Mi naona bora kusogeza. Isogeze mbele sentimita 10, kisha kwenye kompyuta icheleweshe kwa sampuli kama 13 na uisikilize kwa mono. Ukiweza kupata kile kiboksi kidogo cha kuongeza nguvu ya dainamiki, kinachotumia huo huo umeme wa 48, tatizo limeisha, lakini sio lazima.

Kuhusu kuta, naomba tuache kudanganyana na trei za mayai. Trei ni karatasi, haizuii sauti ya nje kuingia hata kidogo, na ndani inapunguza kidogo tu zile sauti za juu, mwangwi wa chini unabaki vile vile ukiwa mzito, kwa hiyo chumba kinakuwa kibaya kuliko mwanzo. Godoro nene limesimamishwa nyuma ya mpigaji na lingine pembeni, mapazia mazito, zulia chini, hivo vinafanya kazi. Kondensa itakushukuru, maana yenyewe ndo inayosikia chumba.

Kwenye kuchanganya sina sheria ila nina maoni. Gitaa likiwa na sauti ya mtu mmoja tu, kondensa iwe mbele na dainamiki ikae chini yake desibeli 6 mpaka 10, unaongeza mpaka unahisi gumba limepata uzito afu unaacha. Tena ikiwa chini kwa desibeli 10 hata fezi ikikosea kidogo sauti haifi, inapungua desibeli 3 hivi tu, inavumilika. Gitaa likiwa ndani ya biti nzito ya Bongo Fleva yenye kiki na besi, geuza, dainamiki iwe mbele kwa sababu mido ndo inayopenya, kondensa iongeze ung'avu kidogo na ikatwe chini ya hezi 100 hivi. Kuna mafundi wanaamua kabisa kutumia moja, hiyo pia sawa kama mmesikiliza na mkaridhika, mradi mmesikiliza.

Sasa kilichonifanya niandike barua hii hasa ni wazee. Bado tuna wazee wanaopiga gitaa kavu, pwani wapo, bara wapo, ng'ambo kule magharibi ya Kenya wapo waliorithi omutibo, ule mtindo wa gitaa wa kina George Mukabi, ambapo mmoja anapiga gitaa na mwenzie anagonga chupa ya Fanta. Hawa ukimwambia apige gitaa kwanza afu aimbe baadaye anakushangaa, kwake ni kitu kimoja, ukikitenganisha mkono unapotea. Na ni lazima tuwarekodi kama walivyo. Hapo maiki mbili zinabadilisha kazi: dainamiki inakwenda kwa sauti, karibu na mdomo kama sentimita 10, imeinamishwa juu kidogo ili mgongo wake uangalie gitaa, na kondensa inashuka kwenye gitaa ikiliangalia kutokea juu kwa pembe huku mgongo wake ukielekea mdomo. Sauti itavuja kwenye gitaa kidogo na gitaa kwenye sauti kidogo, usiogope, ni watu wawili wanaosikilizana. Cha muhimu usije ukamwambia mzee wa watu akae hivi asigeuke, mpange yeye kwanza anavyopenda kukaa kisha maiki ndo zimfuate. Shikamoo kwanza, chai, apige nyimbo mbili tatu bila kurekodi, utajua anainama wapi.

Na yule wa chupa jamani. Mlio wa chupa ni mkali na wa ghafla mno, kondensa inaupokea wote na ukiwa karibu unafunika gitaa lote. Mkalishe mgonga chupa upande wa nyuma wa kondensa, mita moja na nusu au mbili, wala usimwekee maiki yake, atasikika tu. Hilo ni jambo ambalo piezo isingewahi kukupa, maana kwenye piezo chupa haipo kabisa na ungelazimika kuirekodi peke yake, na chupa peke yake ni kelele.

Tunao wanafunzi wa muziki TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, na DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, tuna redio za mikoani zenye studio ambazo usiku zinakaa tu. Naomba kupitia gazeti lako wakuu wa sehemu hizo wafikirie kutenga muda wa kuwarekodi wapigaji wa gitaa kavu, hawahitaji kununua kitu kikubwa, ni hizo maiki mbili na mtu mwenye subira ya kupima. Marehemu Ndala Kasheba alitupigia gitaa la nyuzi 12 hapa hapa nchini, na gitaa la nyuzi 12 ukilichomeka jeki ile mitetemo ya nyuzi pacha ndo inakuwa ya kwanza kupotea. Wapo vijana wanalipiga saivi. Wasipotee hivo hivo.

Kitu kimoja cha watu wa pwani: kondensa haipendi unyevu. Unyevu ukikaa kwenye ngozi yake unaanza kusikia mikwaruzo, "krr krr", na watu wanadhani imekufa wanaitupa. Mara nyingi ikikaa sehemu kavu inapona. Ukimaliza kazi usiiache kwenye standi usiku kucha dirisha likiwa wazi upepo wa bahari unaingia, iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vikichoka badilisha. Dainamiki haina mambo hayo, hata ikianguka inaendelea.

Na mkisharekodi, mhifadhi traki ya kondensa peke yake na ya dainamiki peke yake, mbichi, bila rivabu bila ikwalaiza, sio ile miksi tu. Kwenye jina la faili andikeni jina la mpigaji, tarehe, gitaa limetyuniwaje, na kila maiki ilikuwa umbali gani. Maana mtu mwenye masikio mazuri kuliko yetu anaweza akaja baadaye akataka kulinganisha upya hizo maiki mbili, na bila hivo vipimo atakuwa anabahatisha.

Wako katika kazi,
Fundi sauti, Ngamiani, Tanga